Uso wa Mama wa Kibuyu

Nianze na ukweli: nilimwonea wivu. Si ule wivu mdogo wa kuona kitambaa kipya cha mwenzako kanisani ukakisahau ukifika nyumbani. Wangu ulilala nami ukaamka nami miaka kumi na minane, pale mtaa wa Shauri Moyo, ukuta mmoja ukitutenganisha. Alikuwa na uso. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Sisi sote tulikuwa na nyuso, lakini yeye alikuwa na uso.

Angeweza kuitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama mimi nilivyoitwa Mama Njeri, ila mtaa mzima ulimwita Mama wa Kibuyu na hapo ndipo nitakapoliacha jina lake. Mumewe alikuwa mchongaji vinyago kutoka Ukambani. Mzee alichonga twiga na vifaru karakanani, na yeye akavilainisha nyumbani, amekaa kwenye kigoda ndani ya mlango, msasa mkononi, vumbi la mti limemjaa mapajani. Ndani ya mlango, nasema, si nje. Jua likisogea kizingitini naye anasogeza kigoda nyuma. Mimi nilikuwa nauza viazi na vitunguu soko la Gikomba, jua la saa sita likinipiga utosini, nikirudi jioni namkuta kivulini na ngozi yake inang'aa kama amezaliwa juzi. Unadhani nilifurahi?

Umri wake hakuna aliyeujua. Ukimwuliza alisema, "Mimi ni wa wakati wa nzige," na nzige walikuja mara nyingi, sasa utahesabu vipi? Alikuwa mtu wa kweli katika mambo yote, mwanakwaya, hawezi kusema uongo hata wa kumfukuza mchuuzi mlangoni, lakini kwenye umri alikwepa kama samaki. Ninachojua ni kwamba nilipohamia mtaa ule mimi nilikuwa na mtoto mmoja wa kunyonya, na yeye alikuwa na mjukuu anayesoma darasa la pili.

Siku moja tulienda zahanati pamoja. Mgongo ulikuwa unanisumbua, akajitolea kunisindikiza. Nesi alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akamwambia, "Dada, mkalishe mama yako kwenye benchi pale, nitawaita."

Mama yako! Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Yeye akanishika kiwiko taratibu, akanipangusia benchi kwa leso yake, akasema, "Kaa, mama," macho yake yote yakicheka. Nilikaa. Mgongo ulipona wiki hiyo hiyo, lakini neno lile halikupona.

Vijana wa pale kwenye mfereji wa maji nao hawakunisaidia. "Niaje mathe," wananiambia mimi, "sista yako leo hatoki?" Nilikuwa nawarushia matusi ya Kikikuyu ambayo nashukuru hawakuyaelewa yote.

Kibuyu chenyewe kilikaa nyuma ya mlango, kimefunikwa kwa kitambaa cheupe na kufungwa kwa kamba ya katani. Ndani alitia majani ya mpera, shubiri iliyomenywa, tangawizi iliyopondwa, na gome la mti fulani aliotumiwa kutoka kwao, mti ambao nilijua jina lake la Kikamba tu. Juu yake uji mwembamba wa mtama uliopoa, na maji ya mvua. Anaacha siku saba. Siku ya nne kibuyu kinaanza kuongea, kinafanya pwi, pwi, pwi nyuma ya mlango, na harufu yake kali ya kuchacha inapita chini ya ukuta hadi kwangu. Siku ya saba anachota maji ya juu, anakunywa kikombe kidogo, na mengine anayatumia kunawa uso asubuhi na jioni, kwa kupapasa tu. "Usiusugue uso kama sufuria," alikuwa akituambia akituona mferejini na sabuni ya mche.

Mumewe, mzee mkimya, aliniambia siku moja kwamba ameishi na wake wawili ndani ya nyumba ile, mmoja anaongea na mwingine anachacha. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akifanya mzaha.

Mzee wangu mwenyewe, Baba Njeri, alikuwa dereva wa lori la mkaa na si mtu wa kuangalia angalia. Hilo nalisema kwa haki. Lakini jioni moja tukila, alinitazama usoni muda mrefu kidogo, akameza tonge, akasema, "Kwani hauwezi kumwuliza huyu jirani anatumia nini?"

Alisema vizuri tu. Hakuwa na ubaya. Haki ya Mungu, afadhali angenipiga kofi. Niliondoa sahani yake kabla hajamaliza.

Kesho yake nilimwuliza. Na sikilizeni, hapa ndipo ninapotaka mumwelewe: aliniambia yote. Hakuficha hata jani. Alinivuta ndani, akanifungulia kibuyu, akanihesabia kwa vidole, mpera kiasi hiki, shubiri kiasi hiki, gome nitakupa la kwangu mpaka ndugu yangu atume lingine. Kisha akatia mkono ndani akatoa machicha, ule utope mzito unaobaki chini, akanijazia bakuli. "Hii ndiyo mama yake," akaniambia. "Mimi nilipewa na mama siku niliyoondoka kwetu. Bila hii utakuwa na majani yaliyooza tu. Na kibuyu usikioshe. Kisuuze kwa maji baridi, basi."

Usikioshe! Mimi? Nililelewa karibu na misheni, nikafundishwa usafi kwenye chama cha akina mama na Mzungu aliyekuwa akipitisha kidole chini ya meza zetu kutafuta vumbi. Nyumba yangu ungelamba sakafu. Nilinunua kibuyu kipya sokoni, nikakisugua kwa sabuni na maji ya moto, nikatia vitu vyote kama nilivyoambiwa, na kila siku saba nikimaliza nikakisugua tena mpaka kinanukia. Machicha yake nayo niliyachemsha kwanza, maana nani anajua kuna wadudu gani ndani ya utope wa miaka thelathini?

Kibuyu changu hakikuongea hata siku moja. Kilinuka, ndiyo, kilinuka kama mfereji wa nyuma ya kichinjio. Nilijipaka hivyo hivyo, wiki sita, nikapata vipele shingoni. Na mahali ambapo mtu mwenye akili angesema nimekosea, mimi nilisema: amenificha mti mmoja. Kuna mti mmoja hajanitajia. Anacheka na mimi, ananipa bakuli, kumbe kile chenyewe amekibakiza kwake.

Nilimrudia. "Jirani, umesahau kuniambia kimoja."

"Sijasahau. Unaosha kibuyu?"

"Mimi si mchafu."

Alinitazama. "Mama Njeri, sabuni inaua. Kile kitu ni hai."

"Basi sema tu hutaki nipate."

Akarudi kwenye msasa wake. Alikuwa hagombani na mtu, na hilo nalo lilinichoma. Ukimtupia neno, linaanguka katikati yenu, analiangalia, anaendelea na kazi. Watu waliona ni upole. Mimi niliishi naye ukuta kwa ukuta na nawaambia haukuwa upole mtupu. Alikuwa na majivuno, ila aliyafunga vizuri kama kile kibuyu. Jumapili kabla ya kwaya alikuwa anasimama mbele ya kioo kidogo cha dirishani, anageuza uso kulia, kushoto, anajitabasamia. Niliona kwa ufa wa mlango, zaidi ya mara moja. Kisha anatoka na mwavuli wake mweusi, hata pasipo na wingu, watoto wakimfuata nyuma wakiimba mvua nyesha. Hakuufunga. Alitembea chini ya mwavuli ule mpaka mlangoni mwa kanisa kama mke wa waziri.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikuwahi kumwambia mchungaji.

Miaka ile pombe haramu ilikuwa inasakwa mtaani, na askari walipita nyumba kwa nyumba wakinusa. Asubuhi moja, sokoni, alikuja askari mmoja mteja wangu kuchagua viazi. Wiki hiyo Baba Njeri alikuwa amenunua sabuni ya uso yenye picha ya mwanamke mweupe na kuniwekea juu ya meza bila neno. Nilikuwa nimejaa hasira. Nikamwambia askari yule, "Kule kwetu kuna nyumba moja inachacha mpaka hatulali." Nikamwambia mlango wa ngapi. Nikamwambia nyuma ya mlango.

Walikuja saa nne, watatu. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani, nikasema nina maumivu ya kichwa, nikasimama dirishani. Jirani alikuwa analainisha shingo ya twiga. Mmoja alifungua kibuyu, akachovya kidole, akaonja, akatema nje kwa nguvu. "Hii ni sumu au ni nini?"

"Ni ya uso," akamjibu.

Wakacheka. Lakini mkubwa wao akasema kinachochacha ni pombe, sheria haijui uso. Wakakiinua. Hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza na ya mwisho akimwomba mtu kitu: "Basi mwageni maji, mniachie machicha. Machicha tu, wanangu. Ni ya mama yangu." Walimwaga yote kwenye mtaro, na kibuyu kikavunjwa kwa kiatu.

Nilitarajia atapiga mayowe. Hakupiga. Aliokota vipande vya kibuyu, akavipanga kizingitini, akaingia ndani. Baada ya nusu saa akaniita kwa ukuta, "Mama Njeri, njoo unywe chai."

Nilikwenda, maana kutokwenda kungesema zaidi. Alinimiminia. Akasema, akiangalia sufuria, "Aliyewatuma amewaambia mpaka nyuma ya mlango. Humu ndani hawajawahi kuingia wengi." Akanisogezea kikombe. "Kunywa, itapoa."

Nilikunywa. Sikuomba msamaha. Nilisikia aibu mpaka masikio yakaniwaka, na chini ya aibu ile, nisiwadanganye, kulikuwa na kitu kingine kinachongoja. Nilikuwa nangoja uso wake uanguke.

Alienda kwao siku tisa. Dada yake naye alikuwa amegawiwa machicha ya mama huyo huyo siku alipoolewa, kwa hiyo alirudi na kopo la plastiki limefungwa kwa vitambaa vitatu, na kibuyu cha zamani cha dada. Kati ya hapo na kile kibuyu kuanza kuongea tena ilipita karibu miezi miwili, kwa sababu baridi ya Julai ilikuwa inakizuia. Miezi miwili! Kila asubuhi nilitoka kumwangalia. Nilimwangalia pembe za macho, nilimwangalia shingo, nilimwangalia akicheka na asipocheka. Hakuna kilichobadilika. Uso ulikaa pale pale. Nilikasirika kuliko siku zote, maana sasa sikujua hata cha kuonea wivu ni kipi.

Ndipo nikaingia kwenye tyubu. Mnazijua zile tyubu za mafuta ya kung'arisha ngozi, zilikuwa zinauzwa kila kona, na wanawake tuliotoka jua la soko tuliziamini kama sala. Mwezi wa kwanza nilikuwa mweupe na laini. Baba Njeri alisema, "Ee!" Nilimpita jirani mlangoni polepole ili anione. Alinitazama, akaendelea kulainisha kinyago chake. Mwezi wa nne mashavu yakawa mekundu, mishipa ikaonekana, na nikiguswa na jua nasikia kama nimemwagiwa uji wa moto. Nikaacha siku mbili, ikawa mbaya zaidi, nikarudi kupaka. Mwisho mashavu yote mawili yalikuwa na mabaka meusi kama mtu aliyeungua, na ngozi nyembamba, ukiikwaruza inatoa maji.

Nilijifungia ndani. Nikasikia hodi. Alikuwa yeye. Nilidhani ameleta kibuyu, na Mungu anajua, siku hiyo ningekunywa hata machicha. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Nipe kidogo," nikamwambia. Kiburi chote kilikuwa kimeisha.

"Sikupi."

"Jirani!"

"Uso wako una vidonda. Ile inachacha, itakula. Usipake chochote, hata yangu. Nenda kwa daktari, na ukitoka nje jifunike."

Aka! Nilimfungia mlango. Nikasema, sasa ameonyesha rangi yake, amengoja miaka yote ili anione hivi.

Daktari wa ngozi, kijana mpole kwenye hospitali kubwa, aliniambia yale yale. Alinichorea kwenye karatasi. Ngozi, akasema, imeshikiliwa kwa chini na nyuzi, zinaitwa kolajeni. Ukiwa kijana mwili unazifuma kila siku. Ukizeeka ufumaji unapungua, jua linazikatakata, na ngozi inalegea kama kiti cha kamba. "Na dawa iliyo kwenye tyubu yako," akasema, "inazuia mwili usifume kabisa."

Nikamweleza habari za kibuyu. Mpera, shubiri, mtama, siku saba. Nilisema haraka haraka kama mtu anayeshtaki. Nikamwuliza, hiyo je, inafuma?

Aliwaza. "Sijui, mama. Labda inasaidia, labda haisaidii. Sijaona aliyeipima. Huyo jirani anafanya kazi juani?"

"Kivulini. Na akitoka ana mwavuli."

"Ee, kazi ya mwavuli naijua," akasema, akaandika dawa yangu.

Miaka yote nikiangalia nyuma ya mlango, na mwavuli ukipita mbele yangu kila Jumapili! Nilicheka hapo hospitalini peke yangu, na kucheka kuliuma mashavu. Nilinunua mwavuli siku hiyo hiyo, lakini mabaka hayakuondoka, yalififia tu. Jirani aliniona nao. Alisogeza kigoda, nikapata nafasi ya kukaa kivulini mwake.

Baada ya mzee wake kufariki, binti yake alimchukua wakaishi mtaa uitwao Tena. Sikumwona miaka sita. Nilijiambia ni kazi. Ukweli ni kwamba nilipata kupumua. Mtaa mzima hakukuwa tena na uso wa kupimiwa, na hata Baba Njeri, alipoanza kuota mvi, alikuwa ananiambia nimependeza na mwavuli.

Halafu mama mmoja wa kwaya akaniambia, "Umesikia Mama wa Kibuyu? Amezeeka! Hutamjua." Mwili mzima ulinisisimka. Jumamosi iliyofuata nilivaa vizuri, nikabeba viazi vizuri vya kwetu, nikaenda huko Tena. Nitawaambia nilikwenda kumjulia hali, lakini mmeshanijua. Nilikwenda kuona.

Alikuwa amekaa karibu na dirisha, mchana, mwanga wote uko juu yake. Macho yake yalikuwa na ukungu, mtoto wa jicho pande zote mbili. Binti yake alinifungulia mlango, akatuacha. Nami nikasimama, nikaangalia nilichokuwa nimekingoja.

"Ni wewe, Mama Njeri," akasema. "Nasikia unavyoangalia."

Nikaweka viazi chini.

"Kaa. Nilikuwa nakutaka. Hapa wananidanganya. Binti anasema sijabadilika, wajukuu wanasema sijabadilika, mchungaji amekuja, naye hivyo hivyo. Mimi kioo sikioni tena. Nikijigusa, vidole vinaniambia mengine." Akaniinulia uso. "Wewe niambie. Hakuna mtu ameniangalia kama wewe."

Nilijua angeuliza mtu mwingine angepewa uongo mzuri. Nilijua pia kwamba aliyajua yote, tangu ufa wa mlango. Nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana.

"Chini ya macho pameshuka," nikasema. "Umekuwa na mifuko miwili. Huu wa kushoto ni mkubwa zaidi."

"Ndiyo."

"Shingo imelegea. Kuna mistari miwili mirefu kutoka puani mpaka kidevuni. Juu ya mdomo kumekunjamana. Mashavu yamebaki laini, lakini yameteremka."

"Na paji?"

"Paji halina neno. Paji bado."

Alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Asante. Sasa lete wako."

Nikasita. Sikuwa nimeruhusu mtu kunigusa uso tangu zile tyubu, hata Baba Njeri. Nikainama. Alipitisha vidole vyake polepole, vile vidole vya msasa, kwenye mabaka, kwenye ngozi nyembamba, kwenye mikunjo ambayo hata mimi nilikuwa siitazami. Hakuruka mahali. Machozi yalinitoka, akayapangusa bila kusimama.

"Tumezeeka, Mama Njeri," akasema.

"Wewe zaidi," nikamwambia.

Kisha akaangua kicheko, kicheko cha tumbo, akanipiga paja, akashika mbavu, binti yake akaja mbio kutoka jikoni kuuliza kuna nini. Alicheka mpaka akakosa pumzi. Na katika kucheka kule mifuko ikapanda, mistari ikafunguka, uso wote ukarudi kama ulivyokuwa kwenye mlango wa Shauri Moyo, na mimi, mbele ya binti yake, na mkono wake ukiwa bado shavuni mwangu, nikamwonea wivu pale pale.